Mgeni wa Fukuoka, Mwenyeji wa Dodoma



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za mwaka nilioishi katika nyumba ya Wajapani nikiwa mwanafunzi. Nilisita, kwa sababu habari za safari mara nyingi huwa majigambo ya mtu aliyepanda ndege. Lakini nilipofikiri zaidi niliona kwamba ndani ya safari hiyo mna historia ambayo hatukufundishwa darasani, nayo ni historia ya kupokea na kupokewa. Hiyo ndiyo nitakayoieleza, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Yafaa tuanzie nyumbani. Sisi wa Ugogo tumeishi na wageni tangu zamani. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani Tabora, ilipita katikati ya nchi yetu. Wapagazi na wafanya biashara walihitaji maji na nafaka, nasi tulikuwa na visima na mtama. Watemi wakatoza hongo, na wasafiri wa Kizungu wakaandika vitabuni mwao kwamba Wagogo ni wasumbufu. Hawakufikiri sana kwamba katika nchi kame maji ni mali, na kwamba mwenye kisima hana budi kuuliza ni nani anayekuja kunywa.

Baadaye zamu ikageuka. Kati ya 1917 na 1920 iliingia njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Ukame ulikuwapo, lakini Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyozidisha balaa: majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Watu walikufa kwa maelfu. Wengi waliosalia walikwenda kuhemea mbali na kwao, wakaishi katika nyumba za watu wengine. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa wakati huo huko Ukaguru, katika nyumba ya watu waliompokea mama yake akiwa mjamzito na bila kitu mkononi. Alikuwa akituambia, "Msimcheke mtu anayepiga hodi. Mimi nimezaliwa baada ya hodi." Kwa kijana anayetaka kuwajua Wagogo wa zamani, kitabu cha marehemu Mathias Mnyampala kuhusu historia, mila na desturi zao, kilichotolewa mwaka 1954, bado ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sasa tuje Japani. Nchi hiyo haikuanza kutufikia kwa magari na redio. Iliingia kwanza kwa nguo. Katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba vya Kijapani, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, vilienea mno katika maduka ya Afrika Mashariki, na hata baada ya Vita Kuu ya Pili kanga nyingi walizojifunga mama zetu zilipigwa chapa huko. Halafu wakaja watu. Mwaka 1965 Serikali ya Japani iliunda kikosi cha vijana wa kujitolea, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuwapokea. Nao upande wao walifungua milango: tangu 1954 Serikali yao imekuwa ikitoa nafasi za masomo kwa wanafunzi wa kigeni. Kwa mlango huo nilipita mimi, nikiwa bado chuo kikuu, mwezi wa Aprili 2004. Nilipelekwa mji wa Fukuoka katika kisiwa cha Kyushu, na kwa msaada wa chuo nikapata kukaa na familia moja kwa mwaka mzima.

Nyumbani humo walikuwamo baba, mama, bibi mzaa baba na binti mmoja wa shule. Niliambiwa niwaite Otosan na Okasan, yaani baba na mama, na bibi nimwite Obaasan. Jioni ya kwanza Otosan aliniuliza natoka mji gani. Nikajibu, "Dodoma," nikijua kwamba jina hilo halitamwambia kitu. Akaweka kikombe chini, akasema, "Ikangaa!"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesafiri maelfu ya kilomita kujitambulisha, kumbe Juma Ikangaa alikuwa amenitangulia. Mwanariadha huyo, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1957 na kulitumikia Jeshi la Wananchi, alikimbia marathoni ya Fukuoka Desemba 1983 akapambana na bingwa wao, Toshihiko Seko. Seko alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 52. Ikangaa alifika sekunde 3 tu nyuma yake. Otosan, wakati huo kijana, alikuwa amesimama kando ya barabara kumshangilia Seko, lakini aliniambia kwamba kilichomkaa moyoni ni yule Mtanzania aliyekuwa akiongoza bila kuchoka. Ikangaa alikwisha kushinda Tokyo Februari 1984, akashinda tena huko 1986, na Desemba ya mwaka huohuo akarudi Fukuoka akaondoka na ushindi. Kwa hiyo mimi nilipata heshima nyumbani mle kabla sijafanya lolote la kuistahili.

Sikuwa Mwafrika pekee aliyelelewa na Wajapani wakati ule. Kaskazini ya nchi, mjini Sendai, alikuwapo kijana Mkenya, Samuel Wanjiru, aliyekwenda mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 15 kusoma shule ya sekondari na kukimbia. Mwaka 2008 aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni katika Olimpiki ya Beijing.

Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wajapani hawaijui methali hiyo, lakini wanaifuata. Siku mbili nilihudumiwa. Siku ya tatu Okasan alinionyesha mahali pa kuosha vyombo, akanifundisha kutenga takataka zinazoungua na zisizoungua, na siku ya kila aina kutolewa nje. Nilifurahi, kwa maana tangu siku hiyo niliacha kuona haya kufungua mlango wa jikoni.

Jambo lililonishangaza kwanza ni maji. Kila jioni walijaza birika kubwa la kuogea maji ya moto mpaka shingoni. Mimi, niliyekua nikimwona mama anachimba mchangani kwenye korongo apate debe moja, niliona huo ni ufujaji. Nilikosea. Mtu hujisugua na kujisuuza kwanza nje ya birika, ndipo huingia akiwa safi, na maji yaleyale hutumiwa na nyumba nzima, mmoja baada ya mwingine. Mimi kama mgeni nilitangulizwa. Asubuhi Okasan aliyavuta maji hayo kwa mpira mpaka kwenye mashine ya kufulia. Mgogo gani angefanya zaidi ya hapo?

La pili ni chakula. Wana maharage ya soya yaliyochachushwa, yaitwayo natto, ambayo hunata na kuvutika kama nyuzi. Wageni wengi huyakimbia. Bibi aliniwekea mbele akingoja kuona uso wangu, nami nikayala yote, kwa sababu mtoto aliyekuzwa kwa mlenda hatishwi na utelezi. Tangu siku hiyo bibi aliniona kuwa mtu wa kwao.

Bibi huyo ndiye aliyenifundisha zaidi. Hakuacha hata punje moja ya wali katika bakuli lake. Usiku mmoja alinieleza sababu. Alikuwa msichana mdogo tarehe 19 Juni 1945, ndege za Marekani zilipouteketeza mji wa Fukuoka kwa mabomu ya moto. Nyumba yao iliungua. Yeye na mama yake walikwenda kwa miguu mashambani kubadilisha nguo kwa viazi vitamu, na mkulima mmoja wasiyemjua akawaweka katika ghala lake mpaka vita vikaisha. Niliposikia hayo nilimweleza, kwa Kijapani changu kibovu, habari za Mtunya na za bibi yangu kuzaliwa Ukaguru. Alinyamaza kidogo, kisha akaniongezea chai. Hatukuhitaji mkalimani.

Jumapili tarehe 20 Machi 2005, siku chache kabla ya kurudi kwangu, ilipokaribia saa tano asubuhi ardhi ilitetemeka. Tetemeko hilo lilikuwa la kipimo cha 7, chini ya bahari karibu na mji. Mtu mmoja alifariki, na nyumba nyingi za kisiwa kidogo cha Genkai ziliharibika hata wakazi wake wakahamishwa. Kwetu vyombo vilimwagika kabatini na ukuta ukapasuka. Tulitoka nje pekupeku. Okasan alisimama barabarani akituhesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Nne pamoja na yeye mwenyewe. Akapiga kelele na kurudi mlangoni, maana mimi nilikuwa nimechelewa ngazini. Aliponiona alinishika mkono akasema, "Watano." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa mpangaji.

Sasa nieleze kosa langu. Niliporudi niliandika barua, kisha kadi, kisha hata kadi zikakoma. Mwaka 2014 yule binti, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, aliandika kwamba anakuja Tanzania na angependa kuona kwetu. Nilikuwa mtumishi wa Serikali mwenye vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Chang'ombe, maji yakitoka siku moja na kukosekana siku mbili. Kijijini upande wa Mvumi mama yangu aliishi katika nyumba ya tembe. Niliona aibu. Nikamtafutia yule binti chumba katika nyumba ya wageni mjini, nikalipa, nikamtembeza kwa teksi kuona majengo ya Bunge na soko. Nilijiambia kwamba namtunza. Siku ya tatu aliniuliza kwa upole, "Kaka, nyumbani ni wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa ila kumpeleka. Tulipofika Mvumi, mama yangu alimkaribisha, akamtandikia ngozi, na baada ya maji ya kunywa akampa mboga akatue jikoni. Alikula ugali wa uwele kwa mlenda, akacheka, akasema, "Natto!" Alilala pale usiku mmoja uliokuwa umebaki. Alipokwisha kuondoka mama aliniita. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mgeni wangu umemficha siku tatu kwa nini? Wale walikuficha wewe?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Nilikuwa nimesoma historia ya nchi yangu na kuifaulu katika mitihani, lakini nilisahau kwamba mimi mwenyewe ni mjukuu wa mtu aliyezaliwa baada ya hodi. Nilidhani mwenye kupokea ni lazima awe na nyumba nzuri. Mkulima wa Kyushu alikuwa na ghala tu, na wale wa Ukaguru hawakuwa matajiri.

Wapo wenzetu waliofanya vizuri kuliko mimi. Ikangaa alishangiliwa Japani, naye mwaka 2017 alishirikiana na shirika lao la maendeleo, JICA, kuanzisha mashindano ya riadha ya wanawake hapa nchini. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki Desemba 2003, alipeleka ilimba na zeze mpaka Japani, na Wajapani walikuja kujifunza ngoma hizo kwake Bagamoyo.

Kwa hiyo nina maneno mawili. Kwa vijana wa shule: nafasi za kwenda nje zipo, na tangu mwaka 2013 Japani imeongeza mpango mkubwa wa kuwasomesha vijana wa Afrika. Ziombeni. Mkifika, osheni vyombo, kuleni mnachopewa, waulizeni wazee wa nyumba hiyo waliyoyaona. Na mkirudi, andikeni barua.

Kwa wenzangu wa zamani tunaoishi Dodoma: kila likizo fupi wapo wanafunzi wa mikoa ya mbali wanaobaki bwenini kwa sababu nauli ya kwenda kwao na kurudi ni kubwa kuliko siku zenyewe. Napendekeza chama chetu kiweke orodha ya nyumba zilizo tayari kumpokea mwanafunzi mmoja kwa siku hizo, kwa makubaliano na Mwalimu Mkuu. Si lazima iwe nyumba ya fahari. Jina langu liwe la kwanza katika orodha hiyo. Mama yangu ameahidi kuleta mlenda.