'Mwizi' wa Woluwe aliyejengewa kanisa

Katika eneo la Woluwe-Saint-Lambert, mashariki mwa mji wa Brussels, lipo kanisa dogo la karne ya 14 lililojengwa kwa kumbukumbu ya mwanamke ambaye, kwa mujibu wa mapokeo, aliuawa kwa tuhuma za wizi na uchawi.

Wenyeji humwita Lenneke Mare. Kwa Kifaransa ni Marie la Misérable, yaani Maria Maskini. Inasimuliwa kwamba mnamo mwaka 1300 hivi aliishi peke yake katika sala. Kijana wa ukoo wa mabwana alimtaka, akakataliwa. Akaficha kikombe cha thamani katika vitu vya Marie, kisha akamshtaki, naye akazikwa akiwa hai. Wanaokijua kisa cha Nabii Yusuf watavitambua vyote viwili: kikombe kilichofichwa na kisasi cha aliyekataliwa.

Baadaye mshtaki alishikwa na wazimu, akapona kaburini kwa Marie. Hapo aliyeitwa mchawi akaanza kuheshimiwa kama mtakatifu.

Mwaka 1995, katika riwaya ya Wicked, Mmarekani Gregory Maguire alimpa mchawi wa nchi ya Oz jina, utoto na sababu za hasira yake. Marie hakupewa hasira. Hata katika simulizi lililomsafisha, anayeponywa ni mshtaki.