Motokaa Kuukuu Inapotetemeka na Kula Petroli

Leo tutazungumza juu ya historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ugonjwa mmoja wa motokaa. Motokaa imesimama, injini inanguruma polepole, mara inatetemeka kama mtu mwenye homa. Na petroli iliyokuwa ikitosha juma zima sasa haifiki hata siku ya nne. Ikiwa una motokaa kuukuu, au unaendesha teksi, wajua hasara yake. Fedha ambayo ingelipa karo ya mtoto hutoka katika bomba la moshi.

Kwanza fahamu jambo moja, maana somo zima limejengwa juu yake. Petroli haiwaki vizuri ndani ya injini mpaka ichanganyike na hewa kwa kipimo. Kilo 1 ya petroli yataka hewa kilo 14.7 hivi ipate kuungua yote. Hewa ikipungua, petroli haimalizi kuungua, moshi huwa mweusi na plagi hupata masizi. Hewa ikizidi mno, cheche hushindwa kuuwasha mchanganyiko, ndipo mafundi wetu husema injini "inamisi." Motokaa ikienda mbio, injini huvuta hewa nyingi na upenyo mdogo hauonekani. Lakini ikisimama huvuta kidogo tu, na hapo hewa kidogo iingiayo kwa wizi huharibu kipimo chote.

Sasa twende Ujerumani, mwaka wa 1888. Karl Benz alikuwa amekwisha kuandikisha uvumbuzi wa motokaa yake ya magurudumu matatu mwaka wa 1886, lakini wanunuzi walikuwa haba. Mwezi wa Agosti mkewe, Bibi Bertha Benz, aliichukua motokaa bila kumwambia mumewe, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo wa kilometa 100 hivi. Vituo vya petroli havikuwako. Alinunua mafuta katika duka la dawa mjini Wiesloch. Njiani bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ukachubuka, akaukinga kwa ukanda wa soksi yake. Angalia basi: mambo mawili yaliyomsumbua Bibi huyu, yaani njia ya mafuta na njia ya cheche, ndiyo yanayotusumbua hata leo. Naye hakubadilisha kitu kwa kubahatisha. Alitafuta kwanza tatizo lilipo, ndipo akatia mkono.

Katika motokaa hiyo hewa ilipita juu ya mafuta tu, ikachukua mvuke wake. Kipimo kilikuwa cha kukisia. Mwaka wa 1893 Mjerumani mwingine, Wilhelm Maybach, alitengeneza kabureta inayonyunyiza petroli katika tundu dogo. Ndani yake mna kikombe chenye boya, nalo huinuka petroli ikijaa na kufunga njia. Boya likitoboka huzama, petroli hufurika, na motokaa hula mafuta bila kiasi.

Lakini tundu la kabureta halijui motokaa iko wapi. Chukua lori la zamani lililopimwa Mombasa, kando ya bahari, ulipeleke Nairobi, ambako ni juu kiasi cha meta 1,800. Hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika sita, hali tundu ni lile lile. Basi petroli huzidi. Kabureta hiyo si mbovu. Imetoka kwao tu, nayo yataka kupimwa upya.

Mwaka wa 1967 kampuni ya Bosch ilianza kutoa mitambo ya kunyunyiza petroli kwa nguvu za umeme, ikatiwa katika motokaa za Volkswagen zilizouzwa Marekani. Kisha mwaka wa 1976 kampuni ya Volvo iliuza huko California, ambako sheria za moshi zilikuwa kali, motokaa zenye kifaa cha kunusa oksijeni katika bomba la moshi. Kikinusa oksijeni nyingi, huarifu kwamba hewa imezidi, na kompyuta huongeza petroli.

Je, ugonjwa ulikwisha? La! Kompyuta huamini kile inachoambiwa. Plagi moja ikikosa kutoa cheche, hewa ya chumba kile hutoka na oksijeni yake yote. Kile kifaa husema, "Hewa imezidi." Kompyuta humwaga petroli zaidi, na mwenye motokaa hulaumu pampu. Kumbe kosa ni la plagi. Tangu mwaka wa 1996 motokaa ndogo mpya zinazouzwa Marekani zimelazimishwa na sheria kuwa na tundu la namna moja la kusomea makosa. Ni msaada mkubwa. Lakini namba inayosomwa hueleza dalili iliyoonekana, si lazima chanzo chake.

Jambo hili nalijua kwa maumivu. Motokaa yangu ya zamani iliposhikwa na ugonjwa huu, fundi mmoja alibadilisha kile kifaa cha kunusa, kisha pampu, kisha plagi. Mshahara wa mwezi ukaisha, na mtetemo ukabaki. Mzee mmoja aliinamisha sikio juu ya injini, akasikia mlio mwembamba kama wa nyoka. Mpira mdogo wa hewa ulikuwa umepasuka chini, mahali pasipoonekana. Bei yake haikufika hata chakula cha mchana.

Basi fuata utaratibu huu. Kwanza sikiliza na tazama mipira yote ya hewa na chujio la hewa. Pili, injini ikiisha kupoa, fungua plagi usome rangi yake: kahawia hafifu ni afya, masizi makavu meusi ni petroli iliyozidi au cheche dhaifu, weupe ni hewa iliyozidi. Tatu, hakikisha injini inapata joto lake, maana isipopata, kompyuta huendelea kuipa petroli ya asubuhi. Nne, zungusha magurudumu uone kama breki zinashika, na upime upepo wa matairi. Mwisho kabisa ndipo ufikirie kununua kitu. Tena, usiinguruмishe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Kazi ya nyumbani: andika katika daftari lako, kwa maneno yako mwenyewe, kwa nini plagi mbovu yaweza kuifanya motokaa ile petroli nyingi. Kisha, kabla ya kumpa fundi ruhusa ya kubadilisha kitu, mwulize swali moja kwa adabu: "Fundi, umejuaje?" Fundi hodari atafurahi kukujibu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.