Kutoka Uvira hadi Trieste: Njia ya Mwanafunzi wa Plazma

Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, nayo ikaweka kituo Uvira kwa ajili ya kuchunguza ziwa. Kwa hiyo kijana wa Kasenga aliiona sayansi jirani na kwao, lakini ilikuwa sayansi ya maji na samaki. Aliyevutiwa na atomi ilimpasa kwenda Léopoldville. Huko Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa mwaka 1954, kiliwasha mwezi Juni 1959 kinu cha Trico, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi huliruka kwa urahisi. Trico kilipasua viini vya urani. Watafiti wa plazma hutafuta kinyume chake: kuviunganisha viini vya haidrojeni nzito ndani ya gesi iliyopashwa moto hata elektroni zikaachana na atomi zake. Joto hilo hupita nyuzi milioni 100, na kwa kuwa hakuna chombo kinachoweza kulihimili, plazma hushikiliwa kwa nguvu za sumaku. Mwenye lisansi ya Lovanium, basi, alikaa karibu na kinu na bado akawa mbali na somo hilo.

Mlango ulifunguliwa kwingine. Abdus Salam, Mpakistani aliyeonja upweke wa mtafiti alipofundisha Lahore mwanzoni mwa miaka ya 1950, alianzisha kituo cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, mwaka 1964. Semina yake ya kwanza, mwezi Oktoba, ilihusu plazma, na iliwakalisha pamoja Wamarekani na Warusi. Mtafiti wa nchi maskini aliweza kuja hapo kwa muda kisha akarudi kwao, asilazimike kuhama ili abaki mwanasayansi.

Lakini mwezi Mei mwaka huo huo Uvira ilikuwa imeangukia mikononi mwa waasi wa Gaston Soumialot. Aprili 1965 Ernesto Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kuwaunga mkono, ilhali Marekani iliisaidia serikali. Vita baridi vilivyolegea Trieste vilikaza pwani ya Tanganyika, na kwa kijana wa Kasenga kikwazo cha kwanza hakikuwa hesabu, bali usalama wa njia ya kwenda shule.

Kinshasa iliendelea na njia yake ya zamani: mwaka 1972 iliwasha Trico II, cha megawati 1, nacho cha kupasua viini. Kilizimwa mwaka 2004.