Mbu, utepe na leza: miaka 80 ya kupima paa la msitu wa Ituri

Ndege ndogo ikiruka kutoka uwanja wa Mavivi kuelekea magharibi, mabati ya Beni, mashariki mwa Kongo, na mashamba ya kakao hupita kwa dakika chache, kisha abiria hana kingine cha kutazama ila majani. Kutoka juu msitu unaonekana umelala sawasawa, hauna mlango wala dirisha. Aliye chini, kwenye njia ya miguu huko Mbau au Oicha, haoni hata hilo. Ana mashina, ana majani yaliyooza, ana giza saa sita mchana. Baina ya hawa wawili kuna mita 30 au 40 za matawi, maua, nyuki na kima. Sehemu hiyo ndiyo iliyowasumbua wataalamu kwa miaka mingi, na ingawa sasa inapimwa kutoka angani, hesabu yake bado inamtegemea yule aliye chini.

Wambuti, wenyeji wa msitu huo, hawakumngoja mtaalamu. Asali iko juu, na wapandaji wao walifika kwenye matawi hayo kabla hajaja mtu wa kuandika. Wenye kalamu walipita chini. Henry Morton Stanley aliingia msituni Juni 1887 akitokea Yambuya, kwenye mto Aruwimi, akaibuka kwenye nyika ya upande wa Ziwa Albert Desemba mwaka huohuo. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Zanzibar, wenye Kiswahili chao na bila shaka wenye lao la kusema juu ya msitu ule. Kitabu kilichotoka 1890 ni cha bwana wao, na humo msitu ni unyevu, njaa na kukosa jua.

Waliopanda na daftari katika pembe hii walifuata mbu, si miti. Katika miaka ya 1940, upande wa pili wa mpaka, nchini Uganda, mkabala na Watalinga, watafiti wa homa ya manjano kutoka Entebbe waliweka kambi Bwamba, chini ya Rwenzori. Alexander Haddow alijengesha majukwaa mitini, moja juu ya jingine, akaweka watu wa kukamata mbu katika kila kimo, usiku na mchana. Wakamataji hao walikaa na miguu wazi, wao wenyewe wakiwa chambo. Makala iliyotoka 1947 ina majina matatu ya waandishi, Haddow, Gillett na Highton. Waliong'atwa hawamo.

Hata hivyo matokeo yalikuwa makubwa. Mbu wa chini si mbu wa juu. Aedes africanus alikuwa na makao yake kwenye vilele, na aling'ata zaidi jua linapotua, wakati kima wanapanda kulala. Virusi vya homa ya manjano vilizunguka huko juu kati ya mbu na kima bila mwanadamu kujua, mpaka kima waliposhuka kuiba ndizi shambani, ambako mbu mwingine alivichukua na kumpelekea mkulima. Msitu, kwa maneno mengine, ulikuwa na ghorofa, na kila ghorofa ilikuwa na wapangaji wake. Mwaka huohuo wa 1947, kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, kima wa maabara aliyewekwa ndani ya kizimba juu ya jukwaa alishikwa na homa, na virusi vilivyopatikana katika damu yake vikapewa jina la mahali hapo. Mnara wa chuma wa Haddow, wenye urefu wa futi 120, ulisimamishwa kwanza msitu wa Mpanga, ukahamishiwa Zika 1960.

Wataalamu wa mimea walikuwa na njia nyingine, ya taratibu zaidi na, kwa maoni yangu, ya kikatili kidogo. Mwaka 1933 Davis na Richards walichora msitu wa Guyana kwa kuchagua ukanda mwembamba, kufyeka vichaka na kuangusha miti ili kuipima. Mchoro huo wa ubavuni ukawa mtindo wa dunia nzima. Kwa upande wa Kongo, kituo cha utafiti cha Yangambi chini ya taasisi ya kilimo ya INEAC, iliyoundwa mwaka huohuo wa 1933, ndicho kilichoongoza. Lebrun na Gilbert walitoa mgawanyo wao wa misitu ya Kongo mwaka 1954. Wakaipanga kwa mimea iliyomo na mazingira yake. Urefu ulibaki jambo la kukisia, kwa kifaa cha kupima pembe na hesabu ya pembetatu. Tatizo la hesabu hiyo kila mwanafunzi wa misitu analijua: lazima uione ncha ya mti, na katika msitu mnene ncha haionekani. Unalenga tawi unalodhani ndilo la mwisho, unaandika.

Mti wa kuutaja hapa ni mbau, Gilbertiodendron dewevrei. Huko Ituri kuna maeneo makubwa ambamo karibu paa lote ni mbau mtupu, na hatua chache kando yake kuna msitu wa mchanganyiko wenye mamia ya spishi, mvua ileile, udongo unaofanana. Kwa nini? Terese Hart na John Hart, Wamarekani waliofika Kongo wakiwa vijana katika miaka ya 1970, pamoja na Peter Murphy, walilijadili swali hilo katika makala ya 1989. Hawakuona kwamba udongo peke yake unatosha kuwa jibu. Walielekeza macho kwenye giza. Mbau huangusha mbegu nzito ambazo haziendi mbali na mama yake, miche yake huvumilia kivuli kizito, na majani yake hurundikana chini kwa tabaka nene. Ukiupa muda wa kutosha bila dhoruba kubwa wala moto, mti huo unaweza kuwafungia wengine mwanga. Siri ilikuwa kwenye paa, na ushahidi ulikuwa chini.

Kuanzia 1994 miti ilipimwa mmoja mmoja. Ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa 1992, vilipimwa viwanja vinne vya hekta 10 kila kimoja: viwili Lenda, kwenye mbau, na viwili Edoro, kwenye mchanganyiko. Kila shina lenye unene wa sentimita moja au zaidi lilipewa namba, jina na nafasi yake kwenye ramani. Ni mamia ya maelfu ya mashina. Jean-Remy Makana na Corneille Ewango, Wakongomani wawili, ndio waliokuja kuwa nguzo za kazi hiyo. Kisha vita vikaja. Wafanyakazi wengi walipokimbia Epulu, makao ya hifadhi, Ewango alibaki, akaficha sampuli za mimea, kompyuta na takwimu, akakaa msituni kwa miezi. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Sensa ya mashina ilirudiwa, na kufikia 2007 ilikuwa inawezekana kusema miti gani ilikufa, ipi ilinenepa na msitu uliongeza uzito kiasi gani.

Unene, basi, walikuwa nao. Urefu bado.

Wakati Haddow na wenzake wakihama na mnara, leza ilikuwa inazaliwa: Theodore Maiman aliwasha ya kwanza Marekani mwaka 1960. Kabla ya miaka 25 kupita, Ross Nelson na wenzake wa NASA walikuwa wameifunga kwenye ndege na kuielekeza kwenye miti. Kanuni yake ni ya mtu anayetupa jiwe kisimani na kusikiliza. Kifaa hutuma mpigo mfupi wa mwanga na kuhesabu muda wa kurudi. Mwanga husafiri sentimita 30 katika nanosekunde moja. Kwa mti wa mita 40, mwangwi wa ncha na mwangwi wa ardhi hupishana kwa kama robo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na saa za kisasa zinaweza kuusoma muda huo. Uzuri wake hauishii kwenye urefu. Mwanga hupenya kwenye matundu kati ya majani, ukiacha mwangwi mdogo kila unapogonga tawi, kwa hiyo kinachorudi ni mchoro wa ghorofa zote, ule waliouchora Davis na Richards kwa panga, ila sasa hakuna mti unaoanguka. Mbau na mchanganyiko havitoi mchoro mmoja.

Hata miti ya pekee ilipata haki yake. Katika mabonde ya Kilimanjaro, Andreas Hemp alitangaza 2016 kwamba amepima mkukusu, Entandrophragma excelsum, wenye mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote uliojulikana kwa Afrika. Mti huo ulikuwa pale karne kadhaa, kwenye mlima unaopandwa na watalii kila siku.

Zamu ya Kongo ilifika 2014 na 2015, WWF ilipoendesha mradi wa ramani ya kaboni kwa fedha za Ujerumani. Ndege zenye leza ziliruka juu ya vipande vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, jumla zaidi ya hekta 430,000. Matokeo yaliyochapwa 2017 na kundi la mtafiti Sassan Saatchi yaliweka kaboni iliyomo kwenye miti ya nchi nzima kwenye tani bilioni 23 hivi. Ili mwangwi ugeuke uzito, kundi hilo lilihitaji viwanja vya ardhini, 92 vya hekta moja moja, ambako watu walizungushia mashina utepe. Leza haijui uzito. Haijui hata kama ilichokigonga ni mbau au mwembe.

Na ole wake anayedhani utepe pekee unatosha. Mwaka 2013 Elizabeth Kearsley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent walionyesha kwamba miti ya Yangambi ni mifupi kuliko kanuni zilizokuwa zikitumika zilivyodai kwa unene uleule. Kaboni ya msitu ule mkongwe ilikuwa pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na ya misitu ya pembezoni mwa bonde la Kongo. Nchi inayotaka kuuza hifadhi yake ya kaboni haiwezi kuichukulia robo kama jambo dogo.

Oktoba 2014, mwezi ambao mauaji ya raia yalianza kuandamana mjini Beni na vitongojini, ni mmoja wa miezi ya mradi ule. Hapa kuna swali ambalo mtu wa Mavivi ana haki ya kuliuliza: kama vyombo vya angani vinaona kila tawi, kwa nini wauaji hawaonekani? MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilirusha ndege zisizo na rubani Goma tangu Desemba 2013. Kamera, hata ya joto, husimama kwenye majani ya juu, na paa lililofunga huficha kilicho chini yake. Leza hupenya, lakini ya kisayansi haipigi picha wala haizunguki juu ya mahali pamoja. Kifaa cha leza cha GEDI, kilichopelekwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa Desemba 2018 chini ya Ralph Dubayah wa Chuo Kikuu cha Maryland, hupiga duara la mita 25 kila baada ya mita 60, kwenye mistari minane iliyoachana mita 600. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za ardhi hazigusiki. Likipita wingu, na Beni haikosi wingu, mpigo umepotea.

Kinachoonekana vizuri ni kazi ya shoka na ya jembe. Kakao iliyopandwa chini ya miti michache iliyoachwa hupigwa picha ya kijani kama msitu. Kwa leza kuna mwangwi wa mti wa kivuli, kisha pengo, kisha tabaka la kakao mita chache kutoka ardhini. Anayetaka kujua pembe za Virunga na Ituri zimebadilika kiasi gani tangu watu wakimbilie humo au wakimbizwe humo, ataanza na pengo hilo.

GEDI ililazwa Machi 2023 na kuamshwa Aprili 2024. Aprili 29, 2025 Ulaya ilirusha setilaiti ya Biomass, yenye rada ya mawimbi marefu ya sentimita 70 hivi, yasiyojali wingu wala majani, bali hugonga mashina yenyewe. Namba zake nazo zitapimwa dhidi ya viwanja vyenye utepe. Kutoka Mavivi, vya Edoro na Lenda vinafikiwa kwa barabara ya Oicha, Eringeti, Komanda na Mambasa, ambayo mtu huuliza usalama wake asubuhi kabla ya kupakia mizigo.