Ploti

Mjini Ongata Rongai, Kenya, neno hili lina kazi mbili. Dalali akitaja ploti, anauza kiwanja, mara nyingi cha futi 50 kwa 100. Mpangaji akisema "watu wa ploti yetu", anamaanisha majirani wa geti moja, tangi moja la maji na kamba moja ya kuanikia nguo. Kwangu mimi, maana hii ya pili ndiyo yenye utamu.

Tukirudi kwa madalali, kiwanja hicho cha futi 50 kwa 100 wao hukiita "moja ya nane ya ekari". Wanatia chumvi: kina futi za mraba 5,000, ilhali moja ya nane kamili ni 5,445. Tofauti hiyo inatosha vyumba vinne vya futi 10 kwa 10, na kodi yake!

Anayesoma mipango miji, au usanifu wa mandhari pale chuo kikuu cha JKUAT, Juja, angeweza kuanzia kwenye neno hili. Kila ploti ina ukuta na mwenyewe. Mtaro wa maji ya mvua, ambao lazima upite ploti nyingi, hauna mwenyewe, ndiyo maana mvua ikinyesha maji hushika barabara.