Malezi ya Wanafunzi Kingolwira: Kutoka Kumbi hadi Kata

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro, akifuata ile reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, hupita Kingolwira kabla ya kuingia mjini, na milima ya Uluguru humtokea upande wa kushoto ikiwa imevaa mawingu. Wengi wanaijua Kingolwira kwa gereza lake. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliweka hapo kambi ya wafungwa isiyozungukwa na ukuta. Wafungwa wa kosa la kwanza walilima mashamba mchana, nao waliaminiwa kwamba usiku hawatatoroka. Jambo hili linatufaa sana sisi tunaochunguza historia ya malezi ya wanafunzi. Ikiwa mkoloni, ambaye hakusifika kwa upole, alikubali kwamba mtu mzima aliyehukumiwa aweza kurekebishwa kwa kazi na kwa kuaminiwa, ilikuwaje katika shule za zama hizo mtoto asiye na hukumu yoyote akatawaliwa kwa fimbo? Hatuna budi kulijibu swali hili, maana kivuli chake kingali kimetanda juu ya madarasa yetu.

Kabla ya shule, malezi katika nchi hii ya Waluguru na jirani zao Wakami hayakuwa kazi ya mtu mmoja. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa hiyo mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya mtoto kuliko tunavyozoea kuona leo. Mvulana alipofika rika alipelekwa jandoni. Akakaa kumbini pamoja na wenziwe, akafundishwa heshima, uvumilivu na wajibu wake kwa ukoo. Msichana aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa na kungwi, na mti wa mkole ukawa alama ya mafunzo hayo. Zaidi ya hayo palikuwa na utani baina ya koo. Mtani aliweza kumkosoa mtu hadharani, kwa maneno makali yenye kicheko, na aliyekosolewa hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Hivyo kosa lilionekana, likasemwa, wala mkosaji hakutengwa.

Hatusemi kwamba mambo yote ya zamani yalikuwa mema. Kumbini palikuwa na ukali, na mwali aliweza kufungiwa ndani kwa muda mrefu mno, asione ulimwengu. Tunalotaka lishikwe ni hili: mtoto alikuta kipimo kimoja kila alikokwenda. Alichokatazwa kwa mama yake hakukiruhusiwa kwa mjomba wake. Ndiyo maana wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana.

Shule zilikuja na utaratibu mwingine. Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misheni Morogoro mwaka 1882, na Matombo mwaka 1897, na kandokando ya makanisa yakaota madarasa. Wakati huo huo Wajerumani walileta utawala uliokumbukwa kwa adhabu ya hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Tuliangalie neno lenyewe. Kiboko ni mnyama wa mtoni. Ngozi yake ilikatwa ikawa mjeledi. Mjeledi ukachukua jina la mnyama. Na hatimaye kila pigo la fimbo, hata la mwanzi mwembamba wa mwalimu, likaitwa kiboko. Basi tunapotamka neno hili shuleni, twabeba ndani yake kumbukumbu ya utawala wa kigeni, ingawa wengi wetu hudhani kuwa fimbo ya shule ni urithi wa babu zetu.

Uluguru ilitoa pia funzo kubwa juu ya amri. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo milimani, ikawalazimisha wakulima kukata matuta. Kusudi halikuwa baya, kwa sababu mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini wakulima hawakushauriwa, na mahali pengi matuta yaliufunua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 watu waliyakataa matuta hayo, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Jambo jema lililoagizwa bila maafikiano lilishindwa na watu ambao lilidaiwa kuwasaidia. Kila anayepanga nidhamu ya shule nyingi kwa pamoja yafaa aikumbuke habari hii.

Baada ya Uhuru, ubaguzi wa rangi uliondolewa shuleni, na mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo yao. Shule zikapata mashamba. Viranja wakapewa madaraka. Hata hivyo kosa moja liliingia polepole. Mahali pengine mwanafunzi aliyechelewa alipelekwa kulima kama adhabu. Kazi iliyokusudiwa kumjengea heshima ikageuzwa kuwa fedheha, na kijana akajifunza kulichukia jembe. Hapo tuliipoteza roho ya elimu ile, tukabaki na umbo lake.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, iliyotekelezwa mwaka 1977. Watoto walifurika madarasani na walimu hawakutosha. Mwalimu aliye peke yake mbele ya darasa kubwa huona fimbo kuwa msaidizi wa karibu, akajiliwaza kwa methali isemayo mchelea mwana kulia hulia yeye. Sheria ilijaribu kuweka mipaka. Kanuni za mwaka 2002 ziliagiza kwamba viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe katika daftari. Lakini daftari haliwezi kushinda mazoea ikiwa kila shule ina desturi yake.

Tuchukue mfano. Mtoto ateremkaye mlimani asubuhi hufika akiwa amechelewa. Katika shule moja hupigwa. Katika shule ya jirani huulizwa sababu, na ikajulikana kuwa huteka maji kwanza kwa ajili ya bibi yake mgonjwa. Watoto hawa wawili wakikutana njiani hulinganisha habari, na wa kwanza hujifunza kwamba haki ni bahati tu. Kwa sababu hiyo malezi hayawezi kuachwa kwa shule moja moja. Walimu wa kata, pamoja na mratibu wao wa elimu, wakutane; wakubaliane ni kosa gani huulizwa kwanza, ni lipi hupelekwa kwa mwalimu wa ushauri, na ni lini mzazi huitwa. Ofisi ya elimu ya wilaya isilete matuta mapya. Ilete kikao, kisha isimamie kilichokubaliwa.

Wanafunzi nao wasiachwe nje. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, mzaliwa wa Berega mkoani Morogoro, walianzisha mpango wa Tuseme. Wasichana wa sekondari waliyataja wenyewe matatizo yaliyowazuia kusoma, wakayajadili, wakayaonyesha kwa mchezo mbele ya walimu na jamii. Mpango huo ulienea hata katika nchi nyingine za Afrika. Tukiuchunguza, twaona ndani yake kitu kama utani wetu wa kale: ukweli mchungu unasemwa hadharani, na msikilizaji hana budi kuupokea.

Kadhalika, kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba aweza kurudi masomoni baada ya kujifungua. Tangazo lilifungua mlango. Lakini anayevuka kizingiti hukutana na macho ya wenzake, na macho hayo hayaamrishwi kwa waraka. Huandaliwa na walimu, wazazi na wanafunzi waliokwisha kukubaliana jinsi ya kumpokea.

Sasa turudi Kingolwira, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Morogoro. Kambi ile isiyo na ukuta haikuwa wema wa mkoloni. Alihitaji kazi za mikono. Hata hivyo ilithibitisha jambo moja, kwamba binadamu akiaminiwa na kupewa wajibu, ukuta si lazima. Wazee wa Uluguru walilijua hilo kabla ya reli, nao waliwagawia ndugu wengi mzigo wa kulea. Kazi yetu walimu na wanafunzi ni kuugawana mzigo huo upya, shule kwa shule na kata kwa kata, ili mtoto wa mlimani na mtoto wa bondeni wakute kipimo kimoja cha haki kila wanapoingia darasani.