Kesi ya Mafuta Ilikuwa na Mshukiwa wa Pili

Mtaani kila mtu anaijua hadithi ya mishipa ya moyo: umekula nyama choma na chipo miaka yote, mafuta yakaziba bomba, basi. Hiyo ni nusu ya hadithi. Mshipa si bomba la sinki. Ni nyama hai, na ndani ya ukuta wake kuna vita.

Na si habari mpya, jameni. Miaka ya 1850 Rudolf Virchow, daktari Mjerumani, alisema ugonjwa huu ni ukuta wenyewe uliochokozwa ukavimba. Carl von Rokitansky wa Vienna akakataa: uvimbe ni matokeo tu, chanzo ni mabaki ya damu yanayoganda ukutani.

Halafu 1913, St. Petersburg, Nikolai Anitschkow na Semen Chalatow wakalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti. Mishipa ikaharibika. Dunia ikashika neno moja tu, kolesteroli. Lakini Anitschkow aliona pia chembe nyeupe za damu humo humo ukutani. Hizo tukaziruka.

Kolesteroli ikiingia ukutani, hao askari wa mwili huifuata na kuimeza. Ni kazi yao halali. Shida ni kwamba wanameza mpaka wanavimbiwa, wanaita wenzao, wengine wanafia pale pale. Kinachobaki ni rojo. Kumbe hata jina la kitaalamu, atherosklerosisi, limebeba neno la Kigiriki la uji! Utando unaofunika uji huo ukipasuka, damu inaganda juu yake, na moyo unakosa damu.

Ushahidi mzito kwa binadamu ulichelewa hadi 2017. Katika jaribio la CANTOS, watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, dawa ya kanakinumabu ilituliza kinga bila kushusha kolesteroli, na kwa dozi moja matukio mabaya yakapungua kwa asilimia 15 hivi. Ila vifo vya maambukizi viliongezeka, na bei yake usiulize.

Sisemi utupe dawa za kolesteroli. Mafuta ndiyo yanawaita hao askari. Lakini kujigamba eti kolesteroli iko sawa na sigara iko mdomoni, hapo unajidanganya, maana moshi pia huchokoza ukuta.

2023 Marekani iliidhinisha kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, kwa kazi hii hii. Usiikimbilie dukani bila daktari. Ikizidi, inaua.